Sikio Kwanza, Ulimi Baadaye

Siku moja katika darasa la Kiingereza hapa Baraka mvulana mmoja alisimama asome sala fupi iliyoandikwa ubaoni. Maneno ya kwanza yalikuwa "Let us pray", maana yake "Tuombe". Yeye akatamka kwa sauti kubwa na kwa heshima yote: "Let us play", maana yake "Tucheze". Wenzake wawili watatu waliojua tofauti wakaanza kucheka, na wengine wasiojua wakacheka kwa sababu wenzao wamecheka. Nami mwalimu, nakiri mbele yenu, nilitabasamu. Mvulana akaketi. Tangu siku ile hakuinua tena mkono wake muda wa majuma mengi.

Baada ya masomo nilimwita nikamwambia: "Tamka pray." Akasema: "Play." Nikamwambia: "Sivyo. Sikiliza vema: pray." Akasema tena: "Play." Kisha akanitazama kwa huzuni, akauliza: "Mwalimu, mbona ndivyo unavyosema wewe?"

Neno hilo lilinichoma moyo. Mtoto hakuwa mvivu, wala ulimi wake haukuwa na kilema. Kwa sikio lake maneno yale mawili yalikuwa neno moja. Nilikuwa nikimdai ulimi wake utoe kitu ambacho sikio lake halijakipokea bado. Ni nani awezaye kurudisha deni la mali asiyopewa?

Tangu hapo nimeyafikiri sana mambo ya matamshi. Leo napenda kuwashirikisha ninyi wazazi, walimu na wanafunzi yale niliyojifunza juu ya konsonanti ngumu za Kiingereza, maana watoto wetu wengi hunyamaza darasani si kwa kukosa akili, ila kwa kuogopa kuchekwa.

Mzigo wa nne wa nini?

Huenda baba fulani wa Fizi atauliza: "Mwalimu, mtoto wangu asema Kibembe nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni. Mzigo wa nne wa nini?" Swali hili ni la haki, na jibu lake liko mbele ya macho yetu. Tulitazame ziwa. Ng'ambo ya Tanganyika ni Kigoma, na huko wanafunzi wa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1996, vita vilipowaka, watu wetu maelfu walivuka maji, na wengi wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Baadaye jamaa nyingi zilipelekwa Marekani na nchi nyingine za mbali, na huko wazee kwa vijana iliwapasa kujibu kwa Kiingereza ofisini, hospitalini na kazini. Tena mwezi wa Aprili 2022 nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kiingereza ni lugha yake rasmi. Basi, mzigo huu hatukuutafuta sisi. Umekwisha fika mlangoni, na aupokeaye vema utamsaidia kuibeba mizigo mingine.

Utaratibu wa Bwana wetu

Mtakatifu Marko, katika sura ya saba ya Injili yake, atusimulia habari ya kiziwi ambaye pia hakuweza kusema sawasawa. Watu walimleta kwa Yesu. Bwana akamtenga kando na mkutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni, akasema neno "Efata", yaani "Funguka". Angalieni utaratibu wenyewe: masikio yalifunguliwa kwanza, kisha ulimi ukalegea, na yule mtu akasema vizuri. Kanisa limeuhifadhi utaratibu huo katika ibada ya Ubatizo, maana padri agusapo masikio na kinywa cha mtoto, huanza na masikio.

Angalieni na jambo la pili. Bwana alimtenga mtu yule kando na mkutano. Hakumponya katikati ya watu wa kumkodolea macho na kumcheka.

Sisemi kwamba Injili iliandikwa ili kufundisha Kiingereza. Nasema tu kwamba wenye elimu ya lugha, waliochunguza siku zetu hizi, wameona mambo yaenda kwa njia hiyo hiyo: sikio hutangulia, ulimi hufuata.

Kwa nini sikio hukataa?

Mtoto mchanga huzaliwa na sikio lililo wazi kwa kila lugha. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane, wa nyumba zinazosema Kiingereza, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao wenyewe hawakuzitofautisha. Lakini walipokaribia kutimiza mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Sikio la mtoto lilikuwa limeanza kuchagua: sauti za mama yake likazishika, nyingine likaziacha zipite kama upepo.

Hiyo si hasara tupu, bali ni hekima ya maumbile. Mgeni afikaye Baraka usiku husikia kutoka ziwani mvumo mmoja tu wa injini. Mvuvi aketiye ufukoni husikia zaidi: huu ni mtumbwi mzito, ule ni mwepesi, ule watoka upande wa Ubwari. Masikio yao ni sawa, ila la mmoja limefundwa na maji, na la mwingine bado.

Tena tusijidharau. Kibembe, kama lugha nyingi za Kibantu, hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mgeni kutoka Ulaya huhangaika miaka mingi asisikie tofauti ambayo mtoto wa Fizi wa miaka mitatu huisikia bila mwalimu. Mwingereza naye hukwama katika neno letu "ng'ombe". Sauti hiyo anayo katika lugha yake, mwishoni mwa neno kama "sing", lakini hajazoea kuianzisha neno, basi husema "gombe" au "nigombe". Hakuna taifa lenye ulimi mzito. Kila taifa lina sikio lililozoea vya kwao.

Je, sikio la mtu mzima laweza kufundwa tena? Laweza. Wajapani husumbuliwa sana na "l" na "r" za Kiingereza, kama yule mvulana wetu. Mwaka 1991 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walitangaza kwamba waliwasikilizisha Wajapani maneno yaliyofanana, siku baada ya siku, wakiwauliza tu: "Umesikia lipi?" na kuwaambia papo hapo kama wamepata au wamekosa. Masikio yao yakaongezeka uwezo. Mwaka 1993 wakaongeza kwamba waliosikilizishwa sauti ya mtu mmoja tu hawakufaidi sana walipomsikia msemaji mgeni. Waliosikilizishwa sauti za watu mbalimbali ndio waliofaidi. Na mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walionyesha jambo la ajabu zaidi: Wajapani waliofundwa kusikiliza tu, bila kufundishwa kutamka, walianza kutamka vizuri zaidi. Sikio lilipofunguka, ulimi ulianza kulifuata wenyewe.

Sasa na tuzitazame sauti zenyewe, moja moja.

Sauti ya "th"

Hii ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Mwanafunzi wetu aliyezoea Kifaransa huona "th" akaisoma "t", kama Wafaransa wasomavyo "thé". Mwingine huigeuza "s", na mwingine "f". Basi "three", yaani tatu, huwa "tree", yaani mti, au "free", yaani huru. Na Mkristu atakaye kusema "I have faith", yaani "Nina imani", husema "I have face", yaani "Nina uso". Uso kila mtu anao. Imani ndiyo aliyotaka kuiungama.

Lakini hapa ninayo habari njema. Sauti hii si ngeni kwetu. Imo katika Kiswahili sanifu, iliyoingia pamoja na maneno ya Kiarabu: thamani, methali, hadithi. Na ndugu yake yenye mvumo imo pia: dhahabu, fedha, dhambi, adhabu. Sisi wa Kongo tumezoea kusema hadisi, zahabu, feza na zambi, wala si kosa kuongea hivyo nyumbani na sokoni, maana ndivyo wazee wetu walivyotulea. Walakini mwanafunzi ajizoezaye kusoma Kiswahili sanifu kwa sauti, akiitamka "dhahabu" kama ilivyoandikwa, ameshika mkononi ufunguo wa mlango wa Kiingereza. Neno "think" laanza kama "thamani". Neno "this" laanza kama "dhahabu".

Namna yake ni hii. Weka ncha ya ulimi katikati ya meno ya juu na ya chini, bila kuuma, kisha pumua nje polepole. Hiyo ndiyo "th" ya "think", "three", "faith" na "truth". Sasa uache ulimi pale pale, weka mkono kooni, utoe sauti mpaka koo litetemeke. Hiyo ndiyo ya "this", "that", "mother" na "Father". Kwa bahati mbaya Waingereza huziandika zote mbili kwa namna moja. Kamusi nzuri huzitenga: ya kwanza huonyeshwa kwa herufi ya Kigiriki iitwayo theta (θ), na ya pili kwa herufi ya d iliyokatwa juu kwa mstari (ð).

Majina ya Biblia na ya watakatifu yafaa sana kwa mazoezi: Elizabeth, Martha, Matthew, Ruth, Nazareth, Bethlehem. Yote yana "th" ya kweli. Lakini Thomas na Esther hutamkwa kwa "t". Hivyo Mtume Thomas, aliyetaka kuona kwanza ndipo aamini, hatufundisha tusiyaamini maandishi kabla ya kusikia.

Sauti za "l" na "r"

Lugha nyingi za Kibantu hazitengi "l" na "r" kuwa sauti mbili, nasi twabeba desturi hiyo hata katika Kiswahili. Lakini Kiswahili chenyewe huzitenga. Aendaye kupiga kura hakwenda kula. Na mjumbe wa posa aulizaye mahali, akaandikwa kuwa ameuliza mahari, aweza kuzusha shauri kubwa katika ukoo. Basi, hapa pia tuanze na Kiswahili chetu.

Katika Kiingereza twakuta "pray" na "play", "right" na "light", "grass" na "glass", "rice" na "lice". Mwenye njaa aombaye "rice" aomba wali. Asemapo "lice" ameomba chawa.

Kwa "l", ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu na kukaa hapo, sauti ikipita kandokando. Kwa "r" ya Kiingereza ulimi huinuka, lakini ncha yake haigusi kitu, na midomo hukaza kidogo kama ya mtu anayetaka kupiga mbinja. Tusiichanganye na "r" ya Kiswahili, ambayo ncha ya ulimi huigonga kwa haraka, wala na "r" ya Kifaransa, inayotoka kooni. Ni jamaa watatu wa jina moja, na kila mmoja ana nyumba yake.

Sauti za "h" na "ch"

Kifaransa kimetupa elimu nyingi, lakini hapa chatutega. Wafaransa huandika "h" bila kuitamka. Nasi wengi twasema "apana" badala ya "hapana". Mwingereza huitamka, na ikikosekana neno hugeuka: "heart" ni moyo, lakini "art" ni sanaa, "hair" ni nywele, lakini "air" ni hewa. Weka kiganja mbele ya kinywa useme "heart"; pumzi ikigonga kiganja, umefaulu. Yako maneno machache ambayo "h" yake ni bubu, kama "hour" na "honest", na hayo hukaririwa tu.

Kadhalika "ch" ya Kifaransa ni kama "sh" ya shamba, bali "ch" ya Kiingereza kwa kawaida ni kama ya chakula. Basi "church", yaani kanisa, huanza na kwisha kwa sauti ya chakula. Lakini "Christ" na "school" zina sauti ya "k", na "machine", kwa kuwa Waingereza waliichukua kwa Wafaransa, imebaki na "sh" yake.

Miisho ya maneno

Neno la Kiswahili hupenda kuishia na irabu. Ndiyo maana maneno ya kigeni yaliyoingia kwetu tumeyavika mkia: benki, koti, shati, blanketi. Hayo ni Kiswahili halali. Lakini tukirudi kwa Mwingereza na mkia ule ule, tukasema "banki" na "koti", hatuelewi upesi. Na tukisema "Godi" badala ya "God", sala yetu Mungu huielewa, lakini mwanadamu hushangaa.

Wengine, kwa kuogopa mkia, huikata konsonanti ya mwisho au kuigeuza. "God" huwa "got". "Bag", yaani mfuko, huwa "back", yaani mgongo. "Eyes", yaani macho, huwa "ice", yaani barafu. Siri yake ni hii: mbele ya "d", "g" na "z", Mwingereza huivuta irabu kidogo, mbele ya "t", "k" na "s", huifupisha. Sikilizeni urefu wa irabu, na sikio litaijua konsonanti kabla haijafika.

Mchezo wa mikono miwili

Huenda mwalimu atasema: "Sina mashine wala chumba cha kusikilizia." Havihitajiki. Chukua chaki. Upande wa kushoto wa ubao andika "pray", upande wa kulia andika "play". Ficha kinywa chako nyuma ya kitabu, ili watoto wasisome midomo, kisha sema moja ya maneno hayo. Kila mtoto, amefumba macho ili asimwige jirani, anyoshe mkono wa kushoto au wa kulia. Halafu wafumbue macho, nawe uonyeshe jibu mara moja. Fanya hivyo mara kumi. Anayepata matano yu katika kubahatisha, kama atupaye shilingi hewani. Anayepata tisa amekwisha sikia. Asilazimishwe mtoto kutamka mbele ya wenzake kabla ya kupata tisa.

Badilisheni sauti. Leo mwalimu, kesho Sista, keshokutwa kijana aliyesoma Kigoma, siku nyingine mama aliyerudi kutoka kambini. Mwenye simu yenye kinasa sauti amwombe ndugu aliye ng'ambo amtumie maneno ishirini, mawili mawili. Dakika kumi kila siku zafaa kuliko saa mbili za Jumamosi, maana sikio hulishwa kwa vijiko, si kwa sufuria.

Ulimi utakapoanza, kwanza mtoto ajaribu akiwa peke yake au na rafiki mmoja. Kioo kidogo kitamwonyesha kama ulimi umefika kwenye meno. Karatasi nyembamba mbele ya midomo itamwonyesha pumzi ya "p" katika "pen". Baadaye asimame mbele ya darasa.

Nanyi wazazi msiojua Kiingereza, msiseme kwamba kazi hii haiwahusu. Jioni mpeni mtoto kitabu cha Kiswahili asome kwa sauti, na mwagizeni aseme "dhahabu" iwe dhahabu, "hapana" iwe hapana, na "kura" isiwe kula. Hapo mtakuwa mmemfundisha nusu ya Kiingereza bila kujua hata neno moja.

Ubaya wa kuwacheka wengine

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya kumi na mbili, imeandikwa habari ya kutisha. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya mto Yordani. Kila mtu aliyetaka kuvuka waliagiza aseme neno "Shibolethi". Watu wa Efraimu hawakuweza kuitamka "sh", walisema "Sibolethi". Kwa sauti hiyo moja wakajulikana, wakauawa, na Maandiko yahesabu watu elfu arobaini na mbili walioanguka wakati huo. Sisi wa Fizi, tulioonja vita na kukimbia, tusihitaji kuelezwa ubaya wa kumpima mtu kwa matamshi yake. Kumcheka mtoto darasani si kuua, la. Lakini yatoka katika mzizi ule ule: kumwambia mtu, "Ulimi wako waonyesha kwamba wewe si wetu."

Tuwakumbuke wale waliokuja kwetu wakiwa wakubwa, wakaanza upya kama watoto. Wamisionari Waksaveri walitoka Italia, na lugha ya Kiitaliano haitamki "h". Muitaliano ajaye kwetu hana budi kujifunza "hodi" kabla hajaingia nyumba ya mtu. Watatu miongoni mwao, Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, pamoja na Abbé Albert Joubert, mwana wa Kongo, waliuawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964, Carrara na Faccin hapa Baraka, Didonè na Joubert huko Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa Wenye Heri huko Uvira. Sidhani kuna Mkristu wa Baraka au Fizi anayeuliza leo kama walitamka konsonanti zetu sawasawa. Walipendwa kwa sababu walikuja kutusikiliza na kukaa nasi hata mwisho.

Hata wenye Kiingereza chao hawatamki sawa wote. Waayalandi wengi husema "th" karibu na "t", na watu wengi wa London huisema "f", nao huelewana. Basi lengo letu lisiwe kumwiga Mwingereza mpaka tusahaulike tulikotoka. Lengo ni kwamba neno tulilokusudia liwe ndilo linalofika. Kosa lisilogeuza maana lisahihishwe taratibu. Kosa linalogeuza imani kuwa uso lisahihishwe mapema, lakini kwa upole, na kando ya mkutano.

Yule mvulana

Mtauliza yule mvulana alikuwaje. Nilimwomba msamaha, tukaanza mchezo wa mikono miwili. Siku ya kwanza alipata matano katika kumi. Siku ya nne alipata manne, akataka kuacha. Nikamleta Sista mmoja atamke badala yangu, kisha kijana aliyekulia kambini. Juma la tatu mkono wake ulianza kwenda upande unaofaa bila kusita. Kutamka nilikuwa sijamdai hata mara moja.

Asubuhi moja nilikuwa nimechoka, nikaanzisha sala ya darasa harakaharaka. Mkono ukainuka nyuma. Alikuwa yeye. Akasimama, akasema kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Umesema 'Let us play'."

Darasa lote lilicheka, nami nilicheka kuliko wote, maana safari hii aliyestahili kuchekwa nilikuwa mimi. Kisha nikamwambia: "Basi utuongoze wewe." Akavuta pumzi, akainua ulimi wake usiguse kitu, akatamka neno lile sawasawa. Nasi tukasali.